Jani Ndani ya Jiwe la Tangawizi

Kijiwe chetu kipo Sogea, hapa Tunduma, mbele ya banda langu la kuziba pancha, na mtu akikuambia kijiwe ni cha wote mwambie mbao za benchi nilinunua mimi. Ukikaa hapo unayaona malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, yamepangana kutoka mpakani mpaka macho yanachoka. Mimi wananiita Kiraka, kwa ajili ya kazi yangu. Kulia kwangu hukaa mzee Sadoki wa Isansa, aliyewaachia wanawe shamba la kahawa akahamia mjini. Tunamwita Kimondo, kwa sababu kile kimondo cha Mbozi kipo katani kwao na hajawahi kumaliza kikombe bila kukitaja. Kushoto hukaa Aliko, wakala wa forodha, jina la kijiwe Foleni. Jofrey tunamwita Makaa, alichimba makaa ya mawe miaka tisa, na yeye hukaa juu ya tairi bovu maana mgongo wake haupatani na benchi. Katikati yetu, kwenye kigoda, na jiko na birika lake, hukaa Gwantwa, mama Ruti. Kahawa yake ya tangawizi ndiyo inayotukusanya. Bila yeye sisi ni wanaume wanne waliokaa kando ya barabara bila sababu.

Tangawizi yake huitwanga papo hapo, juu ya jiwe jeusi bapa, upana wa sahani. Tangu alipoanza kuuza hapa, miaka kumi na moja sasa, jiwe ni hilo hilo. Basi Jumanne moja ya Juni, baridi ya Tunduma unaijua, alfajiri mikono haikunjuki, Gwantwa akapiga pigo moja na jiwe likafunguka. Halikuvunjika, lilifunguka, ubavu kwa ubavu, vipande viwili sawasawa. Na ndani kulikuwa na jani.

Nilikuwepo, kwa hiyo usiniambie nilisikia kwa watu. Jani zima, jeusi, urefu wa kiganja, umbo la ulimi. Mshipa wa katikati unaonekana, na vile vishipa vidogo vya pembeni unaweza kuvihesabu. Limelala ndani ya jiwe kama vile mtu kalitandika.

Aliko alikuwa ameshika kikombe cha kwanza cha siku. Akakiweka chini kwenye ubao, hajakigusa, akasema neno moja tu, dawa. Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini Tunduma neno la namna hiyo halihitaji sauti. Ilipofika saa tatu lilikuwa limeshafika kwa madereva, kwa wauza mitumba, mpaka kwa wale wabadilisha fedha wa karibu na geti. Siku nyingine saa hiyo Gwantwa anakuwa amejaza birika mara tatu. Siku hiyo birika la kwanza lilikuwa bado zito. Wateja walikuwa wanafika, wanaangalia jiwe, wanajifanya wamepigiwa simu, wanaondoka.

Akina mama wawili wa maandazi ng'ambo ya barabara walinijia kwa adabu kabisa, wakaniomba nimwondoe Gwantwa mbele ya banda langu kabla mikosi haijavuka barabara. Nikawaambia nitafikiri. Na sitakuficha, nilikuwa nafikiri kweli. Nina tairi za watu humu ndani, na mtu anayeogopa kahawa kesho ataogopa na pancha.

Aliko akatoa masharti yake. Jiwe livunjwe hadharani, vipande visagwe mpaka unga, watu waone, kisha yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kunywa na maneno yataisha. Alisema kwa wema, akiamini anamwokoa.

– Nikilivunja nimekubali, Gwantwa akasema. Sasa nikubali kitu gani, baba?

Akavipangusa vile vipande kwa kanga yake, akaviweka mapajani. Nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba akiinuka pale na jiko lake, harudi.

Ndipo kijiwe kikaanza kazi yake.

Aliko alianza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwaga maneno. Ana sauti ya kusoma nyaraka hata anapoomba chumvi.

– Mimi nimekaa na makontena miaka kumi na minne, bwana. Kontena lina sili ya forodha. Umekuja unaikuta sili nzima, haijakatwa. Unafungua, ndani kuna mzigo ambao haumo kwenye nyaraka. Utauliza nini? Utauliza nani kauingiza. Jiwe lile halina mlango. Jani limeingiaje?

Hata mimi niliona ana hoja, na mimi kukubali hoja ya Aliko ni kazi.

Lakini nilikuwa na yangu. Kwenye tairi nimeona mengi. Nimewahi kubandua kiraka cha fundi mwenzangu, fundi wa hovyo, nikakuta chini yake jani la mwembe na kipande cha tiketi ya basi. Kwa hiyo nikawaambia hiyo ni gundi. Kuna mtu alilipasua jiwe zamani, akaweka jani, akaligandisha, labda kwa utani. Nikaomba kipande kimoja, nikakipitisha kidole pembeni nikitafuta mkwaruzo wa gundi, nikakinusa. Kilinukia tangawizi. Nikakirudisha.

– Kiraka, wewe dunia nzima unaiona pancha, mzee Sadoki akasema.

Yeye alikuwa anangoja tunyamaze. Akavua kofia, akaiweka gotini, tukajua kimondo kinakuja. Alisema lile jani liliungua siku kimondo kilipotua Isansa. Joto lake lilichoma udongo wa Mbozi yote kama tanuru la matofali, na majani yaliyokuwa chini yakabanwa humo humo. Jofrey akauliza mbona majani hayakuwa majivu. Mzee Sadoki hakutikisika. Akasema basi jani halikuwa la chini, lilikuja na kimondo chenyewe, limenasa pembeni. Nikamkumbusha kimondo ni chuma kitupu, nimekigusa mwenyewe. Akasema ndiyo, chuma, lakini huko juu kilikotoka kuna miti, na tena hata kahawa ya Mbozi mbegu yake ilishuka kwa njia hiyo, ndiyo maana hakuna kahawa inayoifikia.

– Mzee, hapo umetupiga kamba, Aliko akasema.

– Kamba ni yako ya sili. Mimi nina ushahidi, tani na tani, nenda kauone.

Ungemwona alivyojivuna ungemsamehe. Katika mkoa huu mtu anayeweza kuelekeza kidole kwenye kitu kilichotoka mbinguni ana haki ya kuvimba kidogo.

Wakati wote huo Jofrey alikuwa halizungumzii jiwe, analiangalia tu. Jofrey si msemaji, mgodi ulimfundisha kuhifadhi pumzi. Mwishowe akamwomba Gwantwa ruhusa, akapokea vipande kwa mikono miwili, akaviinamisha upande wa jua. Akatabasamu, na yeye kutabasamu ni habari.

– Haya nimeyaona, alisema. Huko chini, kwenye dari la mgodi. Unainua taa, juu ya kichwa chako kuna majani matupu, mamia, yamelala hivi hivi.

– Nani aliyaweka? Aliko akauliza.

– Mti.

Tukamtaka aeleze, akamrudishia Gwantwa vipande vyake, na akaeleza, kidogo kidogo, huku akisimama kila mara kukohoa. Alisema palikuwa na bwawa, tope tupu, na miti imesimama pembeni. Majani yanaanguka kila siku, na karibu yote yanaoza, kama yanavyooza ya kwako uwanjani. Lakini mara moja moja mvua inashuka na udongo laini kutoka milimani, unalifunika jani kabla halijaoza. Chini ya tope lile hewa haifiki, wadudu hawafiki. Hapo jani limesalimika. Halafu mafuriko mengine yanaleta tope juu yake, na mengine, na mengine, mpaka uzito unakuwa wa kilima. Maji yanakamuliwa, tope linabanwa, linashikana, linakuwa jiwe. Na jani lenyewe linakamuliwa kila kitu chake, kinabaki kile cheusi tu, makaa membamba kuliko karatasi.

Kila mtu pale amewahi kufyatua tofali, kwa hiyo tulimwelewa haraka. Jani likidondokea kwenye tofali bichi, ukaliacha, utakuta mishipa yake yote imejichora. Hiyo tunaijua tangu utotoni. Tofauti ni kwamba tofali moja tunalimaliza kwa wiki chache.

Aliko peke yake alibaki pale pale.

– Na sili?

Jofrey akamgeukia taratibu.

– Foleni, mzigo haukuingizwa. Mzigo ulikuwepo kwanza. Kontena ndilo lililojengwa juu yake.

Nimekaa kijiweni miaka mingi na sijaona mtu akipigwa kwa lugha ya kazi yake mwenyewe kama Aliko alivyopigwa siku ile. Akakitazama kikombe chake kilichopoa. Lakini wakala wa forodha hakubali mzigo kabla ya kujua umekaa bandarini siku ngapi, kwa hiyo akauliza muda.

Jofrey akasema kufunikwa ni haraka, siku chache, msimu mmoja. Lisipofunikwa haraka limeoza, habari yake imekwisha. Kuwa jiwe ndiko kunakochelewa, hata yeye hajui hasa, maelfu ya miaka, malaki, inategemea. Na baada ya kuwa jiwe kinachobaki ni kukaa. Wataalamu waliokuja mgodini waliwaambia majani yale yana miaka zaidi ya milioni mia mbili na hamsini, na hili yeye analiona ni ndugu yao.

Tukacheka. Mzee Sadoki alicheka mpaka kofia ikaanguka. Si kwamba tulimwona mwongo, ila namba ile haina pa kuishikia. Milioni mia mbili na hamsini ya kitu gani?

Aliko hakucheka. Alitoa simu, akafungua kikokotoo, na akaanza kuangalia malori.

– Tuseme lori moja ni miaka elfu, alisema. Lori na nafasi yake, mita ishirini.

Akabonyeza. Akafuta, akabonyeza tena, midomo ikienda. Foleni ya kawaida humfanya atukane. Ile aliyokuwa anaihesabu ilimfanya ashushe sauti. Akatuambia ni malori laki mbili na nusu. Yakipangwa kutoka hapa mpakani, yanafika Dar, yanageuka yanarudi Tunduma, yanakwenda tena Dar, yanarudi tena, yanakwenda mara ya tatu, na bado yanabaki mengine hayana pa kusimama.

Tukayatazama malori. Kila mmoja wetu amewahi kuona foleni ya siku nne, ya siku tisa, akaona dunia imekwama. Mzee Sadoki akauliza kwa sauti ndogo kwamba wazungu na wamisionari wao, na vita vya Wajerumani, na babu yake aliyemsikia akisimuliwa, wote hao wako lori la ngapi.

– La kwanza, mzee. Hata tela hawafiki, wako kwenye kichwa cha gari.

– Na Adamu na Hawa?

Aliko akatafuta kwenye simu. Akasema wataalamu wanadai watu wa namna yetu wana miaka kama laki tatu. Akabonyeza. Malori mia tatu, kilomita sita.

– Watu wote waliowahi kuzaliwa, alisema, hawafiki hata Mpemba.

Akaizima simu. Nilimwona akigeuza macho kuelekea kwa Gwantwa, kisha akayarudisha chini, na nikajua hesabu imemfikisha mahali ambapo hakutaka kwenda. Akalitamka, lakini akiutazama mkono wake.

– Basi siku jani hili linafungiwa humu, mchawi hajazaliwa. Wala bibi yake.

Pale ndipo nilipojisikia fahari, na naisema wazi. Si fahari ya kushinda, mimi na gundi yangu nilikuwa nimeshindwa mapema. Fahari ya kwamba kitu kama kile kimefungukia mbele ya banda langu, penye matairi na mafuta machafu, na wala hakikutoka nchi za watu. Watu hupita Tunduma wakienda kwingine. Wanatuuliza choo kiko wapi na mpaka unafunguliwa saa ngapi. Na sisi tulikuwa tumekaa juu ya jambo la malori laki mbili na nusu.

Ila unavijua vijiwe. Kitu kikishaacha kutisha, wanaume wanaanza kukigombania.

Mzee Sadoki alisema jiwe ni la Mbozi, hilo halina mjadala, lipelekwe likae karibu na kimondo, wageni wakija waone vyote viwili kwa safari moja. Jofrey akasema mawe ya namna hiyo ni ya wachimbaji, kama si wao kuingia chini nani angeyajua. Aliko, ambaye saa mbili nyuma alitaka lisagwe unga, akasema kisheria mzigo ni wa mahali ulipofunguliwa, na ulifunguliwa Tunduma, kwa hiyo liwekwe ndani ya kioo pale mpakani, na yeye ataandika maelezo. Mimi nikasema kwa kuwa lilifunguka mbele ya banda langu, angalau jina la banda litajwe. Tukapandishana sauti. Akina mama wa maandazi walivuka barabara kuja kusikiliza, na mmoja wao, kwa kusahau kabisa alichoniambia asubuhi, akachukua kikombe akanywa. Wengine wakafuata. Gwantwa akawa anamimina, na sisi tunagawana jiwe lake.

Katikati ya kelele ile akaja dereva mmoja wa Zambia, mtu mzima, kofia ya sufi mpaka masikioni, kikombe chake mkononi. Madereva wengi wa upande ule wanajua Kiswahili cha kutosha kununua na kugombana.

– Mulishani, bamayo, alimsalimia Gwantwa, kwa heshima, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

Akamiminiwa. Na akiwa anapuliza kahawa yake akaliona jiwe mapajani mwa Gwantwa, akachuchumaa, akalitazama kwa muda bila kuligusa. Kisha akatugeukia sisi, wenye kijiwe.

– Hili jiwe limetoka wapi?

Nikamtazama Aliko. Aliko akamtazama mzee Sadoki. Mzee Sadoki akaokota kofia yake, akaivaa. Jofrey akaanza kusema kitu kuhusu migodi, akaacha njiani, kwa kuwa jiwe lile halikutoka kwenye mgodi wake na alilijua hilo. Tulikuwa tumelizungusha kuanzia mbinguni mpaka Dar mara tano, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua lilikotoka. Miaka kumi na moja nimekunywa tangawizi iliyotwangwa juu yake. Nilisikia aibu usoni, moto kabisa, pamoja na baridi yote ile.

– Kwetu, Gwantwa akasema.

Alimjibu dereva, si sisi.

– Ileje, milimani. Nyuma ya nyumba ya baba yangu kuna kijito kimekata kilima, na mawe ya pale yamelaliana kama chapati. Tukiwa watoto tunayapiga ubavuni yanafunguka, tunatafuta majani. Mengi hayana kitu. Nyumbani kwetu binti akiolewa, baba anashuka kijitoni anamchagulia moja ambalo halijafunguliwa. Hajui kama lina kitu, na wewe hujui. Unaondoka nalo hivyo.

Aliko akainama kumwelekea.

– Mama Ruti, kwa hiyo tangu alfajiri ulijua ni jani tu?

– Nilijua.

– Mbona hukusema?

– Wewe ulisema dawa, baba. Wenzako wakasema gundi na kimondo. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Gwantwa akachukua vipande viwili kutoka mapajani, akaviunganisha, vikakaa kama havijawahi kuachana, kisha akavifungua tena taratibu, jani likaangalia juu. Akamgeukia Jofrey.

– Ile miaka ulisema ngapi?

– Milioni mia mbili na hamsini, mama. Na zaidi.

– Na miaka yote hiyo lilikuwa limefungwa?

– Limefungwa. Jua halijaligusa.

– Basi wa kwanza kuliona ni mimi, Gwantwa akasema. Foleni yenu yote hiyo, na wataalamu wao, na wazungu wao, hakuna. Wa kwanza ni mimi, Gwantwa wa Anyosisye wa Ileje, natwanga tangawizi.

Alilisema akiwa amenyoosha mgongo, na mwanamke yule akinyoosha mgongo ni mrefu kuliko tulivyodhani. Yule dereva akavua kofia yake ya sufi. Sijui kwao maana yake ni nini, lakini mzee Sadoki naye akavua yake, na safari hii hakikutajwa kimondo.

Gwantwa akavifunga vipande kwenye kitenge kipya alichokuwa akijifunika baridi, akaviweka ndani ya kikapu. Kisha akainua birika, akalikuta jepesi. Aliko alikuwa amesimama na kikombe chake, ile kahawa ya alfajiri ameimwaga mtaroni, anaomba nyingine kwa macho. Gwantwa akamwambia maji yapo, kahawa ipo, tangawizi ipo, ila hana tena pa kuitwangia.

Aliko aliweka kikombe kwenye ubao, akakunja mikono ya shati lake jeupe la ofisini, akashuka mtaroni kutafuta jiwe.